Uliza Dada wa Safari: Pwani ya Mawe, Treni ya Ufukweni na Dagaa Kwenye Begi

Wasomaji wangu, toleo lililopita niligusia mistari miwili tu kwamba niliwahi kukaa wiki tatu Nice, kule kusini mwa Ufaransa kwenye Bahari ya Mediterania, kwa shoga yangu tuliyesoma naye sekondari hapa Kigoma. Basi simu haijapumzika. Wengine wana ndugu kule, wengine wana ndoto tu na ndoto sio dhambi, kwa hiyo mwezi huu naweka maswali mengine yote pembeni tuongelee hiyo pwani.

*Shikamoo dada. Mdogo wangu wa kike ameolewa Nice mwaka wa nne sasa, kajifungua, anataka niende nikamuone na mtoto. Mume wangu karidhia. Shida yangu ni mbili, kwanza visa nasikia wanakunyima hata ukiwa na kila kitu, pili mimi ni mtu wa stara na nasikia kule baharini watu wanakaa uchi. Naanzia wapi? – Mama wa watoto watatu, Ujiji*

Marahaba mdogo wangu, na hongereni sana kwa mtoto.

Usianzie wewe, aanzie mdogo wako. Mwambie aende ofisi ya meya ya mji anaokaa, wenyewe wanaita mairie, aombe karatasi inaitwa attestation d'accueil. Hiyo ndo karatasi ya mwenyeji kukiri kwamba huyu mtu atafikia kwangu na nafasi ya kulala ipo. Ataombwa kitambulisho, uthibitisho wa nyumba, wa kipato, na stempu ya serikali ya euro 30. Alafu akutumie ile yenyewe halisi, sio picha ya WhatsApp, hapa watu wengi wanakwama maana wanakuja Dar na picha kwenye simu wanarudishwa, na Dar sio Bangwe useme utarudi kesho.

Visa yenyewe ni ya Schengen, yaani visa moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa ikiwemo, ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, ukinyimwa hairudi. Maombi unaweza kupeleka kuanzia miezi sita kabla ya safari na isiwe chini ya siku 15, ila mi nakushauri miezi miwili au mitatu kabla, kwa sababu jibu kwa kawaida ni siku 15 lakini wakitaka kuchunguza zaidi zinaweza kufika 45. Bima ya safari lazima, na iwe inalipa matibabu ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe bado ina uhai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka kule.

Sasa nikwambie kilichonipata mimi. Mara ya kwanza nilinyimwa, ubalozi mmoja wa Ulaya siutaji, na sababu waliyotia tiki ni kwamba hawakuridhika kama ntarudi. Nililia ndani ya daladala mpaka konda akaniuliza mama kuna msiba? Baadaye ndo nikaelewa. Nilikopa hela kwa watu watatu nikaziingiza benki wiki moja kabla, yaani akaunti ilikuwa imelala mwaka mzima alafu ghafla inaamka na milioni kadhaa, mtu yeyote anayekagua angeshtuka. Mara ya pili sikukopa hata shilingi, nilipeleka taarifa ya benki ya miezi sita ya biashara yangu ya vitenge na vihela vyake vinavyoingia na kutoka, leseni, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na barua fupi inayosema nakwenda siku hii narudi siku hii kwa sababu duka langu ni hili. Nikapewa. Wewe una mume, una watoto watatu, hicho ndicho kinachokurudisha Ujiji, kionyeshe wazi.

Kuhusu stara. Ni kweli ufukweni utakuta wanawake wamejianika kifua wazi na hakuna anayewageukia, ndo mazoea yao. Lakini na wewe hakuna wa kukuvua ushungi wako. Hijabu barabarani na ufukweni ni ruhusa. Kilichokatazwa na sheria yao ya 2010 ni kufunika uso mahali pa umma, kwa hiyo kama huwa unavaa niqabu hilo liwaze kabla hujakata tiketi. Vazi la kuogelea la kufunika mwili mzima, burkini, lilileta kelele kubwa kiangazi cha 2016, mameya wa miji kadhaa ya pwani ile walilipiga marufuku, na tarehe 26 Agosti 2016 mahakama yao ya juu ya mambo ya utawala ikasimamisha katazo la mji mmoja unaitwa Villeneuve-Loubet ikisema linavunja uhuru wa msingi wa mtu. Wapo mameya waliojaribu tena baada ya hapo, kwa hiyo mdogo wako aulize mji husika. Mabwawa ya kuogelea ya manispaa ni habari nyingine, huko burkini mara nyingi hawaruhusu. Mi nilikuwa naingia baharini asubuhi saa moja na gauni langu la kuogelea refu na suruali ndani, vibibi vya kizungu vya umri wa mama yangu vilishakuwa majini, vinanipungia mkono na kunisalimia bonjour.

Jambo lingine ambalo hakuna aliyeniambia: saa za swala. Huku kwetu Magharibi ni karibu saa moja jioni mwaka mzima tumezoea. Kule mwishoni mwa Juni jua linazama saa tatu na robo usiku! Isha ni usiku mnene na Alfajiri inakuwahi kabla hujalala vizuri. Desemba ni kinyume, kabla ya saa kumi na moja jioni limeshazama. Bucha za halali zipo, kuna watu wengi wa asili ya Tunisia, Algeria na Moroko pale mjini, kwa hiyo nyama usiwe na wasiwasi nayo.

*Dada mambo. Eti maji ya huko yana chumvi kuliko ya Dar? Na kuna kupwa na kujaa? – Mwanafunzi, Katubuka*

Poa mdogo wangu. Ndio, yana chumvi zaidi. Bahari Kuu ina kama gramu 35 za chumvi kwenye kilo moja ya maji, Mediterania inafika 38 hivi upande ule, sababu bahari ile imezungukwa na nchi kavu, jua linakausha maji mengi kuliko yanayoingizwa na mvua na mito, na mlango wake wa kuingilia bahari kuu pale Gibraltar una upana wa kilomita kama 14 tu. Kupwa na kujaa kupo ila ni kidogo mno, jicho la kawaida halioni, ukitoka Kigoma utaona kama ziwa letu tu. Utaelea kirahisi kuliko Tanganyika lakini ukifumbua macho ndani ya maji utajuta.

*Dada habari. Mi naheshimu safari zako lakini niseme ukweli wangu, nimezaliwa Kibirizi, ziwa langu lina mchanga, maji masafi, samaki, na jua lipo bure. Kwa nini Mtanzania alipe mamilioni kwenda kuangalia maji mengine, tena pwani ya matajiri wenye boti za mabilioni? – Muuza dagaa, Kibirizi*

Kaka, hili swali lako ndo limenifanya niandike kurasa zote hizi.

Kwa maji tu uko sahihi. Ziwa letu lina kina kinachofika mita 1,470 na ukisimama Kibirizi asubuhi mitumbwi inarudi, dagaa zinamwagwa juu ya mchanga zinang'aa kama sarafu, hakuna kitu kule cha kulinganisha na hicho. Tena Nice yenyewe haina hata mchanga! Ni mawe. Mawe ya mviringo ya kijivu, mengine saizi ya yai, mengine saizi ya kiazi, siku ya kwanza nilivua ndala nikakanyaga, yamechomwa na jua la saa nane, nikarudi mbio nikavaa. Wimbi likirudi nyuma mawe yanabingirika pamoja yanatoa sauti kama mtu anamwaga mahindi kwenye debe, mpaka leo nikifumba macho naisikia. Nunua viatu vya maji vya mpira kabla hujafika ufukweni.

Ila hilo la pwani ya matajiri hapo nakukatalia, na nakukatalia kwa moyo wangu wote, maana hata mimi niliamini hivo na uoga huo nusura uniharibie safari. Siku ya pili niliona viti vya kulalia vizuri na miavuli ya mistari, nikadhani ufukwe wote ni wa kulipia, kuna sehemu moja nikatoa euro zaidi ya 20 kwa kiti kimoja, sikula chakula cha maana siku hiyo. Shoga yangu aliporudi kazini akanishangaa, akanishika mkono, tukatembea hatua mia hivi, hapo pana ufukwe wa bure, watu wametandika taulo zao, mabomba ya kuogea yapo, hakuna anayekuuliza. Ufukwe kule ni mali ya umma, wana sheria ya pwani ya 1986 inayolinda haki ya kila mtu kupita na kutumia fukwe, wenye viti wanapangishiwa vipande tu. Tajiri mwenye boti na kijakazi wa hoteli wanaoga maji yale yale. Na kuna njia za miguu zinazofuata ukingo wa bahari, kwa mfano kuzunguka rasi ya Cap Ferrat, juu yako kuna majumba ya watu wenye hela za kutisha, chini wewe unapita na chupa yako ya maji na mkate, na ni haki yako.

Alafu kitu ambacho kwetu hatuna ni miji kupangana. Kuna reli inayoambaa na bahari, treni ya kawaida ya wafanyakazi na wanafunzi, kila baada ya muda mfupi inapita, nauli ni euro chache. Ukitoka Nice kwenda mashariki, kama dakika saba tu uko Villefranche-sur-Mer, umbali kama wa Kigoma mjini na Ujiji. Ghuba yake ina kina kirefu mpaka meli kubwa za watalii zinatia nanga katikati, na pale kuna mtaa unaitwa Rue Obscure, wa karne ya 13, umepita chini ya nyumba za watu kama handaki, mchana giza. Endelea, unapita Monaco ambayo ni nchi kamili yenye kilomita za mraba mbili tu na ushei, nilitembea masaa matatu nikaona imetosha. Kisha Menton, mwisho kabisa, ukivuka tu ni Italia.

Menton ndo niliupenda. Nyumba za rangi ya machungwa na njano zimepanda kilima moja juu ya nyingine, milimao imejaa kwenye bustani, na malimau yao makubwa yenye ganda nene hata ukiyala na ganda sio machungu. Mji huo zamani ulikuwa chini ya mtawala wa Monaco, ukajitenga 1848, na 1861 akaiuzia Ufaransa haki zake juu ya Menton na jirani yake Roquebrune kwa faranga milioni 4. Nice nayo ilikuwa chini ya ufalme wa Sardinia mpaka 1860, ndo maana ukisikiliza majina ya vyakula na ya mitaa unasikia Kiitaliano kimejificha humo.

Upande wa magharibi kuna Antibes, huko sasa ndo kwenye mchanga, una ukuta wa zamani unaopigwa na mawimbi na ngome ambayo mchoraji Picasso alifanyia kazi mwaka 1946, leo ni makumbusho ya kazi zake. Mbele yake Cannes ya tamasha la filamu. Cannes nayo ina mchanga ila mi sikukaa, maduka ni ya kuangalia.

Chakula, usiingie mikahawa ya mbele kabisa baharini. Nice ya zamani kuna kitu kinaitwa socca, unga wa dengu, maji, mafuta ya zeituni na chumvi, wanamwaga kwenye sinia kubwa la shaba wanatia kwenye tanuri la kuni. Inatoka pembeni imeungua kidogo, katikati laini, mama muuzaji anaichana kwa kisu vipande vipande anakumwagia pilipili manga unakula kwa mikono. Nilipoonja nikacheka peke yangu, nikakumbuka bajia za dengu za bibi! Kuna na mkate mwingine wa kitunguu kilichopikwa mpaka kikawa kitamu, juu yake samaki wadogo wa chumvi ambao wewe ukiwaona utawaita dagaa bila kuuliza. Mgahawani omba carafe d'eau, hayo ni maji ya bomba kwenye jagi, ni bure na ni salama. Na kabla ya neno lolote sema bonjour, ukiingia dukani ukauliza bei bila salamu wanaona umewavunjia heshima, hapo sisi watu wa Kigoma hatuna shida, salamu ndo zetu, na Kifaransa cha Wakongo na Warundi wa hapo Kibirizi ukijifunza miezi mitatu kinakutosha kabisa.

Kwa hiyo kaka sikwambii uende. Ila kama kinachokuzuia ni kudhani hapakuhusu, panakuhusu.

*Dada, mimi na mwenzangu ni walimu, likizo zetu ni Juni na Desemba. Mwezi gani mzuri? – Mwalimu, Kasulu*

Kati ya hiyo miwili, Juni, tena mwanzoni. Julai na Agosti ndo Ulaya yote iko likizo, vyumba bei juu, treni mnabanana kama basi la Nyakanazi, na joto lake ni la kuchosha. Juni maji yameshaanza kuwa mazuri, Agosti yanafika nyuzi 24 au 25, Februari yanashuka hadi 13 hivi na nyie mliozoea Tanganyika mtaona mmeingia kwenye friji. Kama siku moja mtapata ruhusa ya Septemba, msifikirie mara mbili, maji bado ya moto na watu wameondoka. Oktoba na Novemba ndo mvua zao kubwa.

Desemba sio vibaya lakini sio ya kuogelea. Na kuna historia nzuri hapo, pwani ile kwa asili haikuwa ya kiangazi, ilikuwa ya baridi. Waingereza matajiri walikuwa wanakimbia baridi ya kwao wanakuja kukaa Nice miezi ile, na miaka ya 1820 wao ndo walichanga hela ikajengwa njia ya kutembea kando ya bahari, mpaka leo inaitwa Promenade des Anglais, yaani matembezi ya Waingereza, sasa imefika kilomita kama 7. UNESCO waliiweka Nice kwenye urithi wa dunia mwaka 2021 kwa sababu hiyo hiyo ya kuwa mji wa mapumziko ya baridi. Februari ina kanivali ya Nice na sikukuu ya malimau Menton, wanajenga masanamu makubwa kwa machungwa na malimau. Mkienda Desemba bebeni masweta ya Kasulu yale yale, yanatosha.

Njia: Kigoma hadi Dar kwa ndege, au treni yetu, kilomita 1,250 na ushei, kama mna muda na mgongo mzima. Kutoka Dar pitieni Dubai au Istanbul, kote huko kuna ndege ya moja kwa moja mpaka Nice, na uwanja wake uko ufukweni kabisa, tramu inawatoa hapo mpaka mjini. Mkienda kuchungulia Italia, pasipoti iwe mfukoni, polisi wa Ufaransa wanakagua treni zinazorudi kutoka upande ule.

*Shikamoo. Mwanangu anasoma Ufaransa, mwezi wa nane naenda kumuona, atakuja tukutane Nice. Nataka nimpelekee asali ya nyuki wa hapa, maembe, na dagaa wa Kigoma aliowakumbuka sana. Watanikamata? – Baba, Ng'ambo, Tabora*

Shikamoo nakupa mimi baba yangu. Asali inaruhusiwa, lakini isizidi kilo 2 kwa mtu mmoja, kwa hiyo lile dumu la lita tano liache nyumbani, funga chupa mbili za kilo kilo kwenye begi kubwa la mizigo, sio la mkononi maana watakunyang'anya kama vimiminika vingine. Maembe, hata yawe mazuri ya Tabora namna gani, acha. Matunda mabichi kuingia Ulaya yanahitaji cheti cha afya ya mimea, yaliyosamehewa ni machache, ndizi, nanasi, nazi, tende na durian, embe halimo. Nyama na maziwa ya aina yoyote usithubutu, hata nyama choma iliyokauka, hata samli.

Dagaa ndo habari njema. Samaki wanaruhusu mpaka kilo 20, na waliokaushwa hawana shida. Ila kausha sawasawa, mchanga wote uchambue, funga mifuko mitatu, katikati weka gazeti. Wangu niliwapitisha hivohivo, afisa wa forodha kijana alinifungulisha begi, akafungua mfuko wa kwanza, wa pili, harufu ikatoka, akarudi nyuma hatua moja. Nikamwambia poisson, séché, lac Tanganyika, yaani samaki, mkavu, wa Ziwa Tanganyika. Akachukua mmoja mkavu, akamgeuza geuza kwenye mwanga wa taa, akauliza mnawala na kichwa? Nikamwambia na kichwa. Akafunga mfuko mwenyewe, vizuri kuliko nilivyofunga mimi, akaniambia pita.